Foleni ya Bwana Kidogo

Kazi ya Kidogo ilikuwa kuwazuia watu wasiingie mahali ambapo hapakuwa na watu. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kumzuia mtu asiingie kwenye ukumbi uliojaa ni jambo ambalo hata ukuta unaliweza. Lakini kumsimamisha nje ya ukumbi ambao ndani yake kuna mpiga ngoma anayepiga miayo, na mhudumu anayekunja vitambaa alivyokwisha kuvikunja, kisha kumfanya ashukuru anaporuhusiwa kupita, hapo panahitaji kipaji.

Jina hilo hakupewa kwa umbo. Kwa umbo alikuwa mtu wa kuinamia kila mlango, na mabega yake yalipita kwa zamu. Alipewa na wateja kwa sababu ya neno lake. Ulipofika mbele yake alikutazama kwa upole, akageuza shingo na kuchungulia ndani kama mtu anayetafuta pa kupachika sindano, akakurudishia uso uliojaa huruma, akasema, "Subiri kidogo." Ukasubiri. Yeye akaingia nyuma ya pazia, akasimama gizani akiitazama saa yake ya mkononi, akatoka na kusema, "Bado kidogo." Watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, walisimama pale wakibadilisha mguu, na hakuna aliyethubutu kuondoka, maana aliyeondoka angeonekana na walio nyuma yake kuwa ndiye aliyekataliwa.

Hila hiyo haikuzaliwa na werevu. Ilizaliwa na kitasa. Kaka yake ndiye aliyeufungua ukumbi ule wa dansi, katikati ya mji, wakati mtaa ule ulikuwa na benki, duka la vifaa vya ofisini na fundi viatu aliyefunga jua likizama. Jioni ya ufunguzi watu walipita, wakachungulia, wakaona viti vimepangwa kama vya mtihani na mwenye ukumbi anafuta glasi safi huku jasho likimtoka. Wakaenda zao. Mtu huenda starehe kukuta watu. Haendi kuwa hao watu. Jioni iliyofuata kitasa kikagoma, na wateja wachache waliojitokeza ikabidi wangoje nje huku Kidogo akipigana na ufunguo. Wapita njia wakauliza, "Hapa kuna nini?" Waliokuwa wanangoja hawakutaka kuonekana wajinga, wakajibu, "Kwani hujui?" Jibu hilo likafanya kazi ambayo tangazo la redio halikuifanya. Kitasa kilipolainika palikuwa na umati, na umati ukaingia kwa vifijo kama jeshi lililoteka ngome.

Kaka mtu hakuwa mjinga. Kesho yake alinunua kitasa kizima, pamoja na kamba nene nyekundu na nguzo mbili fupi za kuifungia, na ile kazi ya kitasa kibovu akamkabidhi mdogo wake. Miaka ikaenda. Mdogo mtu akawa maarufu. Alisalimiwa sokoni, aliombwa ushauri na watu waliokuwa wakijenga nyumba wasijue mlango uelekee wapi.

Akili ikiibwa huwezi kwenda polisi. Ukumbi wa pili ulipofunguliwa ng'ambo ya barabara, ulifunguliwa na kamba. Uliofuata ukaja na kamba na jitu. Hatimaye mtaa mzima ukawa na kamba, na majitu yaliyovaa nyeusi, yote yakisema "subiri kidogo" kwa sauti nzito ya Kidogo, hata yale yaliyojaliwa sauti nyembamba. Jumamosi jioni barabara ilijaa watu waliosimama kwa mistari, na ndani ya kumbi wahudumu walicheza karata. Mgeni angedhani ni mtaa wa zahanati.

Kisha mistari ikaanza kufupika. Ikawa watu wachache, ikawa mtu na mwenzake, mwisho akabaki bawabu wa upande huu akitazamana na bawabu wa upande ule, kila mmoja akilinda utupu wake kwa adabu.

Wakati huo kaka mtu alikuwa amekwisha fariki, na ukumbi ulikuwa wa mjane wake. Kidogo alimwita Shemeji, naye alimwita Kidogo Shemeji, kiasi kwamba mgeni aliyewasikia alidhani mmoja anarudia kwa kuwa mwenzake hakusikia. Alikuwa mwanamke mfupi aliyestaafu ukarani wa mahakama, na huko alijifunza kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kisha kusema "haya" kwa namna iliyomfanya msemaji aanze upya na kuongeza mambo.

Ndipo Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa, mtu mwenye ukumbi mmoja na tumbo la mwenye kumbi mbili, alipoitisha mkutano. Ulifanyika alasiri kwa Shemeji, taa zote zikiwa zimewashwa. Ukumbi wa dansi haupaswi kuonekana alasiri. Zulia ambalo gizani lilikuwa jekundu lilikuwa na rangi ya ini, na pambo la nyota darini lilikuwa karatasi ya kufungia sigara.

"Tatizo ni maegesho," alianza Mwenyekiti. "Mtu akija na gari analiacha mbali mpaka anajiuliza kwa nini alitoka nalo."

"Tatizo ni simu," alisema mwenye ukumbi wa karaoke. "Siku hizi watu wanacheza dansi wamelala."

"Mimi nawasema hao wa kwenye maghorofa," alidakia mama mwenye baa ya kona. "Walinunua fleti hapa kwa sababu mtaa umechangamka. Sasa wanatuitia polisi, kisa? Mtaa umechangamka!"

"Na wanaoagiza maji je? Bendi nzima inapiga, mtu anaagiza maji!"

"Afadhali wako anaagiza. Wangu anauliza kama yapo ya bomba."

Wakataja kodi ya pango, wakataja leseni, wakataja vibaka. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Ila katika sababu zote hizo hapakuwa na hata moja iliyokuwa ndani ya chumba kile, na ndiyo maana mkutano ulikwenda vizuri.

Kidogo hakuwa ndani. Alikuwa mlangoni, kwa mazoea, nyuma ya kamba. Akaja bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, ananukia sifongo mpya.

"Nimekuja kuuona ukumbi."

Mdomo wa Kidogo ulikuwa na maisha yake. "Subiri kidogo," ulisema.

"Kuna wengine ndani?"

Kidogo aligeuza shingo, akachungulia, akarudisha uso wa huruma. Kupitia upenyo wa pazia yule bwana akaona vichwa vingi vimeinamiana, vidole hewani, mtu mmoja anapiga meza. Akafuta shingo kwa leso.

"Wengi?"

"Bado kidogo, bwana."

Bwana yule alikuwa muuza magodoro, na alikuwa akitafuta ghala katika mtaa aliosikia una kumbi tupu. Aliyekuja alikuwa mtu wa kupatana bei. Aliyeruhusiwa kuingia baada ya mkutano kwisha alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyeamini kwamba matajiri wote wa mji wanaugombea ukumbi ule. Hata hakukaa. Alimwambia Shemeji kwamba chochote walichosema hao waliotoka, yeye anapanda juu yao.

"Haya," alisema Shemeji.

Akapanda tena.

Ndivyo Kidogo alivyoupandishia bei mlango wake mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Shemeji hakumwambia. Alimwita ndani, akamwonyesha kiti.

"Kaa, shemeji."

"Nimezoea kusimama."

"Najua. Kaa."

Akakaa ukingoni.

"Huyu bwana anataka kupajaza magodoro mpaka darini," alisema Shemeji. "Ningemkatalia kirahisi, bei ingekuwa ile ya kwanza. Umeifanya iwe ngumu."

"Kaka angekubali?"

"Kaka yako angeuliza kama magodoro yanahitaji foleni." Alitazama viti. "Sitaki kuufunga. Lakini siwezi kuendelea kuwalipa wanamuziki wawapigie wahudumu. Ijumaa hii jaribu kitu kimoja. Ondoa kamba. Acha mlango wazi, pazia pembeni, kuanzia maofisi yanapofungwa. Wakiingia, tutaongea. Wasipoingia, Jumatatu namwita Bwana Magodoro."

"Shemeji, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiacha wazi, watu watasema tunajitembeza."

"Haya," alisema Shemeji.

Kidogo akafikiri, akaongeza, "Na mimi nitasimama wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mlango ule ulikuwa kazi ya Kidogo, lakini zaidi ya kazi ulikuwa anwani yake duniani. Mtu akiuliza Kidogo ni nani, jibu lilikuwa kidole kinachoelekea pale. Bila kamba alikuwa mwanamume mrefu aliyesimama njiani.

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona sare za wauguzi, na hakuinua macho.

"Nasikia umempandishia Bwana Magodoro bei. Hongera. Mwanamume mzima anajiuzia kiti alichokalia."

"Mimi sikalii kiti."

"Ndiyo maana umekiuza."

Binti yao, ambaye alipokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, alikuwa amekuja kuwasalimia. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Baba, unakumbuka nilipokuja ukumbini na wenzangu wa kazini?"

"Nakumbuka. Nikawaambia msubiri kama watu wengine. Mlango hauna binti."

"Sawa, mlango hauna binti. Tukasubiri. Wewe ukaingia ndani. Halafu feni ikalipeperusha pazia, tukakuona." Alitafuta neno. "Umesimama gizani peke yako, unaangalia saa. Viti vitupu mpaka nyuma."

Mkewe aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Baba, mbele ya wenzangu? Nikasema kichwa kinaniuma. Tukaenda kwa yule mama wa viti vya plastiki, huku karibu na nyumbani, tukakaa. Basi." Akavuta pumzi. "Watu wanashinda wamesimama mchana kutwa. Benki wanasimama, stendi wanasimama, kwangu wanasimama wameshika shavu. Jioni mtu anataka afike mahali awe amefika."

Kidogo alisema tena ile methali yake, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa aliisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

"Na kinachojificha je?" aliuliza mkewe, akakanyaga cherehani.

Ijumaa ikafika. Kidogo aliikunja kamba, akaiweka stoo, akasogeza nguzo, akalifunga pazia pembeni. Mwanga wa jioni ukaingia ukumbini kwa mara ya kwanza tangu kamba inunuliwe na ukaonekana kujutia. Bendi ikaanza na kitu cha polepole. Maofisi yakafungwa, barabara ikajaa watu wenye mikoba, na ikawa kama ile jioni ya kaka yake: wakapita, wakapunguza mwendo, wakachungulia, wakaona viti, wakaongeza mwendo.

Kidogo alisimama pembeni ya mlango, mikono haijui iende wapi. Alijaribu kuiweka nyuma, akaonekana mlinzi wa msiba. Akaiweka mbele, akaonekana mchezaji wa mpira anayengoja kupigiwa adhabu. Na kila mtu aliyepita bila kuingia alimpa Kidogo furaha chungu ya kuwa na haki. Si nilisema? Kamba ilikuwa nguo ya ukumbi huu. Mmeivua, watu wanageuza macho. Kwa hesabu hiyo, kufikia saa ya taa kuwashwa angekuwa ameshinda ubishi na kupoteza mlango.

Akaja mwanamume na mwanamke. Mwanamke alikuwa akitembea kama watu wanavyotembea wanapokuwa wanavichukia viatu vyao. Wakasimama kizingitini.

"Hakuna watu," alisema mwanamke.

Ulimi wa Kidogo ulikwisha kujikunja kwa ajili ya neno lake. Akaumeza. Mahali pa lile neno hapakuwa na lingine, maana tangu ujana wake hakuwahi kuhitaji la pili. Akatazama ndani, na kwa mara ya kwanza alichungulia bila kuigiza: meza, viti, wanamuziki, Shemeji kaunta akiwa amejishika kidevu. Kweli hapakuwa na watu.

"Nipo mimi," alisema.

Akaingia, akavuta kiti cha meza iliyo karibu kabisa na mlango, akakaa. Kiti kililalamika. Mgongo wake, ambao kwa miaka ulikuwa umeziba mlango kutokea nje, sasa uliziba utupu kutokea ndani. Kwa mtu wa barabarani, mgongo ule ulikuwa kama watu watatu wanaosikiliza muziki. Mwanamke akacheka.

"Basi tuko watatu," alisema, akaingia, akavua viatu chini ya meza kabla hajaulizwa anakunywa nini. Aliagiza maji. Shemeji aliyaleta mwenyewe, kwenye trei, kama divai.

Mke wa Kidogo na binti yao walifika wakiwa wamevaa vizuri, wakaketi meza ya pili. Mkewe alitazama dari, zulia, bendi.

"Kumbe ndiko huku," alisema. Katika ndoa yao yote hakuwa ameingia humo. Hakuwahi kukatazwa, aliambiwa tu asubiri kidogo, akapata mambo mengine ya kufanya.

Sitasema ukumbi ulifurika. Watu wakiona migongo huja kutafuta nyuso, na baadhi walikuja: makarani wa benki, madereva wawili wa teksi, mama mmoja na wifi yake waliokuwa wanagombana na walihitaji mahali pa kuketi ili wagombane vizuri. Nusu ya mbele ikapata uhai. Hata walioishi kwenye maghorofa walishuka wawili, ingawa walishuka kulalamika. Wakaambiwa wakae, wakakaa, wakalalamika wakiwa na soda. Lakini nusu ya nyuma ilibaki giza na viti vyake vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, na kila aliyeigeukia alirudisha uso haraka. Ilikuwa ni kama kula mezani na mtu asiyekula.

Mabishano yalikuwa hayana mshindi. Binti alikuwa na haki: watu walitaka kukaa. Kidogo naye alikuwa na haki: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Shemeji aliwatazama wateja wake wa nusu ukumbi, akaitazama ile nusu nyingine, na kwa kuwa alikuwa amesikiliza kesi nyingi zilizoishia kwa kugawana, akasema peke yake, "Haya."

Jumatatu alimwita Bwana Magodoro na kumpa nusu ya nyuma, yenye mlango wa uchochoroni. Magodoro yakaja kwa malori, yakapangwa mpaka darini, yakawa ukuta mnene kutoka upande hadi upande. Ukumbi ukawa mdogo, na mdogo hujaa kwa watu wachache. Tena magodoro yalikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekitarajia: yalimeza sauti. Wa kwenye maghorofa ya nyuma wakaacha kupiga simu polisi. Mwenyekiti, aliyezoea kuusikia ukumbi wa Shemeji kutokea kwake, akapita jioni moja na uso wa huzuni kutoa pole kwa kufungwa kwa biashara. Akakuta hakuna kiti, ikabidi asimame.

Mtaa wenyewe haukupona. Kumbi kadhaa zilifungwa mwaka huo, Mwenyekiti akaendelea kuitisha mikutano juu ya maegesho, na kamba ziliendelea kuning'inia mbele ya milango ambayo hakuna aliyeiomba ifunguliwe. Mtu huachana kwa shida zaidi na kilichomlisha kuliko na kilichomwumiza.

Kabla juma halijaisha, Bwana Magodoro alimfuata Kidogo.

"Ndugu yangu, mimi nilisimama kwenye foleni yako nikaona nguvu yake. Njoo mlangoni kwangu, kule uchochoroni. Nitakupa sare, kofia, na kamba mpya. Watu wakiona foleni ya magodoro watadhani kesho hayapo."

Ilikuwa ofa ya heshima. Ilikuwa, kwa kweli, kila alichokuwa anaogopa kukipoteza, na kofia juu yake. Kwa Shemeji palikuwa na mlango uliokaa wazi usiohitaji mtu, na kazi ya kuwavutia watu viti ambayo haikuwa na jina na ambayo bado aliifanya vibaya. Jana yake alimvutia mama mmoja kiti wakati mama huyo anaketi.

"Unafikiria?" aliuliza Bwana Magodoro.

"Nimekwisha kaa, bwana," alisema Kidogo. "Mtu akishakaa, kusimama ni kazi."

"Kule ndani utakuwa nani?"

Kidogo alifikiri kwa uaminifu. "Sijui. Nikijua nitakwambia, mlango uko wazi."

Jioni hiyo, wateja walipokuwa wametulia na hakuna kiti cha kuvutwa, alikaa na mkewe karibu na jukwaa. Bendi ikapiga wimbo ambao Kidogo aliujua kuliko watoto wake. Miaka yote aliusikia kupitia ukuta, ngoma na besi tupu, na alikuwa ameamua zamani kwamba ni wimbo wa mapenzi, wa mtu anayelilia aliyemwacha. Aliwahi hata kutokwa na machozi kidogo mlangoni, siku za baridi, akaulaumu upepo.

Sasa, kwa mara ya kwanza, alisikia maneno. Mwimbaji alikuwa akimsema shangazi yake aliyekuja kukaa siku mbili, akaleta kabati lake.

Ukumbi mzima ulijua sehemu ya kabati na ukaiimba kwa kupiga meza. Kidogo alikaa akisikiliza beti zote mpaka mwisho, mdomo wazi, mkewe akimtazama kwa pembe ya jicho. Watu walipokuwa wamemaliza kucheka na bendi imeanza wimbo mwingine, ndipo yeye akaanza kucheka.

"Pole pole," mkewe alimwambia. "Utavunja kiti."